Kaisari Pertinax na siku zake 87: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nero anajulikana na kila mtu. Augusto anajulikana kwa sababu ya ile sensa ya Injili ya Luka. Pertinax hatajwi sana, na naona ni hasara, kwa kuwa wachache kati ya watawala wa Roma walitoka chini kiasi chake, na wachache walijaribu kunyoosha mambo mengi hivyo kwa muda mfupi hivyo. Haya hapa maswali ambayo watu huuliza wakisikia habari zake kwa mara ya kwanza.

Pertinax alikuwa nani?

Publius Helvius Pertinax alikuwa kaisari wa Roma kuanzia 1 Januari hadi 28 Machi mwaka 193. Hesabu mwenyewe kwenye kalenda, utapata siku 87. Alizaliwa 1 Agosti 126 kaskazini-magharibi mwa Italia, na kwao ni Alba Pompeia, mji ambao leo unaitwa Alba. Baba yake, Helvius Successus, aliwahi kuwa mtumwa, akaachwa huru, akawa mfanyabiashara. Mtoto wa huyo ndiye aliyekuja kukalia kiti cha Augusto na Marcus Aurelius.

Jina "Pertinax" lina maana gani?

Kwa Kilatini ni mtu asiyeachia, king'ang'anizi. Inasimuliwa kwamba baba alimpa mwanawe jina hilo kwa sababu yeye mwenyewe aliing'ang'ania biashara yake bila kukata tamaa. "Kaisari" lilianza kama jina la ukoo wa Julius Caesar, kisha likawa cheo cha kila mtawala.

Ni kweli alianza maisha kama mwalimu?

Kweli. Alisoma kwa Sulpicius Apollinaris, mwanasarufi mashuhuri wa wakati ule, halafu akashika nafasi ya mwalimu wake na kufundisha sarufi. Kipato kilikuwa kidogo. Alipoona ualimu haumlipi, akaenda kwa Lollianus Avitus, bwana wa zamani wa baba yake, kuomba amfanyie mpango wa uakida. (Akida ni yule mkuu wa askari mia tunayemsoma katika Injili.) Kwa Warumi, mtumwa akishaachwa huru hakukatana kabisa na bwana wake: alibaki chini ya kivuli chake, na bwana naye alitarajiwa kuinyanyua familia hiyo pale shida inapobisha hodi. Basi mwalimu akaingia jeshini akiwa mtu mzima, umri ambao wenzake walikuwa tayari na makovu.

Alipandaje vyeo?

Kwa kuanguka na kuinuka. Akiwa mkuu mpya wa kikosi huko Syria, alitumia farasi na magari ya posta ya serikali bila kibali. Liwali wa Syria hakumsamehe: alimwamuru atembee kwa miguu kutoka Antiokia mpaka kituo chake cha kazi. Nikimfikiria Pertinax, namwona kwanza hapo barabarani, ofisa mzima anakula vumbi kwa kosa la nauli.

Kisha ikaja vita dhidi ya Waparthi, wapinzani wakubwa wa Roma upande wa mashariki, naye akang'ara. Akapelekwa Uingereza, akaenda mto Danube, akasimamia meli za kivita kwenye mto Rhine, akapewa kazi Dacia, nchi ambayo leo ni Romania. Huko fitina ikamng'oa. Aliyemwokoa ni Claudius Pompeianus, mkwe wa Marcus Aurelius, ambaye alimchukua kuwa msaidizi wake. Kutoka hapo akaingizwa katika Seneti, akapewa legioni (kikosi kikubwa cha maelfu ya askari), akawafukuza Wajerumani katika majimbo ya Raetia na Noricum, kusini mwa Ujerumani na Austria ya leo. Mwaka 175 akawa konsuli, cheo cha juu kabisa chini ya kaisari. Halafu uliwali: Moesia, Dacia, na mwisho Syria, kule kule alikotembezwa kwa miguu.

Commodus, mwana wa Marcus Aurelius, alipotawala, waziri wake mwenye nguvu, Perennis, alimwondoa Pertinax na kumrudisha kwao Liguria, akakaa miaka mitatu. Mle ndani kuna jambo dogo ninalolipenda. Alikuwa na fedha sasa, akanunua mashamba, akajenga majengo mengi kulizunguka duka la zamani la baba yake. Duka lenyewe hakuligusa. Aliliacha na umbo lake lile lile, katikati ya majengo mapya.

Perennis alipouawa mwaka 185, Commodus akamwita Pertinax na kumtuma Uingereza, ambako legioni zilikuwa zimeasi. Alizituliza, lakini katika ghasia moja askari walimpiga wakamwacha katikati ya maiti wakidhani amekufa. Mtu aliyepona namna hiyo hakuwa mgeni wa hasira za askari. Kumbuka hilo tukifika mwezi wa Machi.

Aliwahi kufika Afrika?

Ndiyo. Aliongoza jimbo lililoitwa Afrika, ambalo makao yake yalikuwa Carthage, Tunisia ya leo. Wakati huo jina "Afrika" lilikuwa la eneo hilo la pwani ya kaskazini tu, sehemu za Tunisia na Libya; bara zima lilikuja kuitwa hivyo baadaye sana. Alikuta fujo zilizochochewa na utabiri wa hekalu la mungu wa kike Caelestis, akazizima.

Aliyempokea uliwali huo alikuwa Didius Julianus, ambaye pia waliwahi kuwa makonsuli pamoja. Inasemekana Pertinax alizoea kumwita "mwenzangu na mrithi wangu". Mrithi kweli, kama utakavyoona.

Commodus aliuawaje, na Pertinax alihusika?

Commodus alikuwa amefika mahali pa kujiita Hercules na kupigana kwenye uwanja wa michezo kama mpiganaji wa kulipwa. Usiku wa 31 Desemba 192, watu watatu wa karibu naye waliamua kummaliza kabla hajawamaliza wao: suria wake Marcia, mtumishi mkuu wa chumba chake Eclectus, na Laetus, mkuu wa askari wa Praitorio, walinzi wa kaisari. Marcia akamtilia sumu. Akaitapika. Wakamwita mwanamieleka Narcissus, akamnyonga.

Pertinax wakati huo alikuwa mkuu wa jiji la Roma. Waandishi wa kale hawakubaliani kama alijua mpango mapema. Cassius Dio, seneta aliyeishi Roma siku zile, anasema kwamba walipomfuata na habari, alimtuma kwanza mtu wake wa kuaminika akaione maiti. Mimi nadhani hakupanga. Aliyepanga hana haja ya kutuma mtu ahakikishe. Aliyeona wengi wakiuawa chini ya Commodus ana haja kubwa.

Usiku ule uliendaje?

Alipelekwa moja kwa moja kambini kwa askari wa Praitorio. Hawa ndio walinzi wa kaisari, jeshi pekee kubwa lenye silaha ndani ya Roma, maelfu ya watu. Aliwaahidi dinari 3,000 kila mmoja. Dinari ni ile ile sarafu ya fedha ambayo Yesu aliomba aonyeshwe. Wakanyamaza na kumsikiliza. Kisha, akimalizia, akasema kwamba kuna mambo mengi ya kusikitisha katika hali ya sasa, lakini kwa msaada wao yatarekebishwa.

Kwa msikilizaji wa kawaida hiyo ni kauli njema. Askari walisikia kitu kingine: marupurupu tuliyopewa na Commodus yanaondoka. Wakanyamaza, lakini hawakusahau.

Kutoka kambini akaenda kwenye ukumbi wa Seneti, usiku bado. Mlango umefungwa na bawabu haonekani. Mtawala wa dola kutoka Uingereza hadi Syria akaenda kuketi katika hekalu la Concordia akisubiri mlango ufunguliwe. Maseneta walipokusanyika alimshika mkono Acilius Glabrio, mtu wa ukoo wa kale, akimwomba akalie kiti badala yake. Glabrio akakataa, na Seneti ikampigia Pertinax makelele ya shangwe.

Alikuta nini katika hazina?

Dinari 250,000.

Gawa kwa ahadi ya dinari 3,000 kwa kila mlinzi. Zinatosha askari 83. Hapo hujawagusa maelfu waliobaki, wala wananchi, wala legioni za mipakani, wala nafaka ya jiji. Miaka 32 kabla yake, Marcus Aurelius na Lucius Verus, makaisari wawili waliotawala pamoja, walirithi dinari milioni 675. Vita, tauni na anasa za Commodus zilikuwa zimekula zote.

Ule mnada maarufu ulikuwa wa vitu gani?

Mali za Commodus. Mavazi ya hariri yaliyofumwa kwa nyuzi za dhahabu, sanamu, farasi, silaha za wapiganaji wa uwanjani. Kulikuwa na magari ya kukokotwa ya ajabu: mengine yalikuwa na viti vinavyozunguka ili mwenye gari akimbie jua au ashike upepo, mengine yalipima mwendo na kuonyesha saa. Wengi hutaja magari hayo na kucheka, lakini mimi husimama hapo na kujiuliza ni mafundi gani waliyatengeneza.

Waliuzwa na watu pia, watumwa wa ikulu. Aliwatoa mnadani wale walioonekana kuletwa ikulu kwa nguvu, ila wengine waliuzwa. Mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru aliuza watumwa ili ajaze hazina. Nampenda Pertinax, na jambo hilo linabaki pale, silifuti.

Fedha za mnada ndizo alizowalipia walinzi na kuwapa wakazi wa Roma dinari 100 kila mmoja. Dio anasema askari walipata chote walichoahidiwa. Mwandishi mwingine anadai walipewa nusu.

Alifanya mageuzi gani mengine?

Mengi kwa siku 87. Mashamba yaliyolala bila kulimwa, ya Italia na ya majimboni, hata yale ya kaisari, alitangaza kwamba anayeweza kulima achukue, yawe yake, asitozwe kodi miaka kumi. Alifuta ushuru uliokuwa ukitozwa kwenye vivuko vya mito, bandarini na njia panda. Alikataza jina lake lisiandikwe kwenye mali za utawala, akisema mali hizo ni za watu wote. Sarafu ya dinari aliiongezea kiasi cha fedha halisi, baada ya Commodus kuichuja.

Watu waliouawa kwa uonevu chini ya Commodus aliwarudishia heshima, na ndugu wakafukua miili na kuizika upya katika makaburi ya koo zao. Hebu wafikirie walioishi miaka kadhaa bila kuthubutu hata kulia hadharani, sasa wanabeba mifupa ya baba yao mchana kweupe.

Ni kweli alikuwa bahili?

Wapinzani wake walisema alikuwa akiwaandalia wageni nusu nusu ya saladi, na kwamba nyama ilikuwa kiasi kile kile hata wageni wawe wangapi. Dio, ambaye ni miongoni mwa maseneta waliokula mezani kwake, anakubali kwamba chakula kilikuwa cha kawaida. Matajiri walimcheka, wengine walimsifu. Mtu ambaye ana hazina tupu na anapika kidogo simwiti bahili. Ila lipo lalamiko lingine zito zaidi: kwamba huko Liguria alijilimbikizia mashamba ya watu waliokwama kwenye madeni. Hilo likiwa kweli ni doa.

Kwa nini walinzi walimchukia?

Jibu linalotolewa haraka ni fedha. Naona halitoshi.

Kwanza, aliwazuia kuwanyanyasa raia. Chini ya Commodus walizoea kutembea mitaani na mashoka wakipiga wapita njia. Akapiga marufuku. Pili, walimpenda Commodus, na kila siku waliona sanamu zake zikiangushwa. Siku tatu tu baada ya utawala kuanza walijaribu kumlazimisha seneta mmoja, Triarius Maternus, awe kaisari. Maskini alitoroka uchi mpaka kwa Pertinax kujieleza. Mwezi Machi, Pertinax akiwa pwani kushughulikia nafaka ya jiji, wakamwandaa konsuli Sosius Falco. Njama ikagundulika. Seneti ilikuwa tayari kumhukumu Falco kifo, Pertinax akasimama akasema Mungu apishe mbali seneta yeyote auawe chini ya utawala wangu, hata kwa haki. Falco akapona.

Lakini katika mkutano huo huo aliteleza ulimi. Akilalamika juu ya askari, alisema kwamba pamoja na kukuta hazina tupu amewapa kiasi kile kile walichotoa Marcus na Lucius. Haikuwa kweli. Wale walitoa dinari 5,000, yeye 3,000. Na ukumbini walikuwemo askari na watumishi wa ikulu wengi, kila mmoja anajua kilichoingia mfukoni mwake. Dio alisikia minong'ono yao.

Kwangu hapo ndipo alipoharibu. Askari anaweza kuvumilia kupewa kidogo na mtu anayemwambia "sina". Kupunjwa kisha kuambiwa mbele ya wakubwa kwamba umelipwa sawasawa, hilo linachoma. Na lililotoka mdomoni mwa mtu aliyesifika kwa unyoofu lilichoma maradufu. Juu yake Laetus, ambaye sasa alikuwa amemgeuka, aliwaua askari kadhaa kwa ajili ya njama ya Falco akidai ni amri ya kaisari. Waliobaki wakaogopa kwamba zamu yao inakuja.

Alikufaje?

Tarehe 28 Machi askari kama 200, wengine wanasema 300, walitoka kambini panga mkononi wakapanda kilima cha Palatino. Watumishi wa ikulu wakawafungulia. Laetus, aliyetakiwa kwenda kuwazuia, alifunika kichwa akashika njia ya nyumbani kwake.

Pertinax alikuwa na walinzi wa usiku na wapanda farasi ikuluni. Angeweza kupigana, angeweza kujificha. Akatoka kuwakabili kwa miguu yake, mzee wa miaka 66, akaanza kuzungumza nao. Na ilikaribia kufaulu! Walisimama, wakainamisha macho, wakarudisha panga alani. Aliwahi kuzituliza legioni za Uingereza. Ndipo mmoja, Tausius, mtu wa kabila la Watungri wa upande wa Ubelgiji ya leo, akaruka mbele akamchoma. Pertinax akajifunika kichwa kwa vazi lake, wengine wakamalizia. Eclectus peke yake ndiye aliyesimama upande wake. Aliwajeruhi wawili kabla ya kuuawa. Kichwa cha kaisari wakakichomeka kwenye mkuki.

Ni kweli kiti cha enzi kilipigwa mnada?

Ni kweli, siku hiyo hiyo. Baba mkwe wa Pertinax, Sulpicianus, alikuwa kambini tayari, alitumwa kutuliza askari. Aliposikia mkwewe ameuawa akaanza kuutaka ukaisari mwenyewe. Nje ya ukuta akafika Didius Julianus, yule "mrithi wangu". Wajumbe wakawa wanapeleka habari huku na huku: mwenzako anatoa hivi, wewe unaongeza ngapi? Sulpicianus alifika dinari 5,000 kwa kila askari. Julianus akaruka kwa mkupuo mpaka 6,250, akafunguliwa lango. Alitawala siku 66.

Mke na watoto wake walikuwa na hali gani?

Mkewe Flavia Titiana alipewa na Seneti cheo cha Augusta, heshima ya mke wa mtawala, na mwanawe cha Kaisari, ambacho hapa ni cha mrithi wa kiti. Pertinax alikataa vyote viwili. Mali zake aliwagawia watoto na kuwapeleka wakae kwa babu yao, mbali na ikulu. Mbinu hiyo iliwaokoa mwaka 193. Mwana alikua, akafika usenetani, na miaka kadhaa baadaye kaisari Caracalla akamuua.

Nani alimlipizia kisasi?

Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, ambaye aliwahi kuongoza legioni huko Syria chini ya Pertinax. Legioni za Danube zilimtangaza kuwa kaisari tarehe 9 Aprili, akaongeza "Pertinax" kwenye jina lake, akaenda Roma. Aliwaita walinzi wa Praitorio watoke bila silaha, akawazingira, akawavua sare na kuwafukuza wasikaribie jiji. Waliohusika na mauaji aliwaua.

Kisha akaandaa mazishi ya heshima. Mwili ulikwisha kuzikwa, kwa hiyo sanamu ya nta iliyovishwa mavazi ya ushindi ililazwa kwenye jeneza la wazi uwanjani, na kijana mzuri akasimama akiipepea kwa manyoya ya tausi, akifukuza nzi, kana kwamba mzee amelala tu. Dio alikuwepo, na anasema wao maseneta walipaza sauti, mara wakimsifu, mara wakimlilia. Kutoka kwenye moto akarushwa tai, ishara kwamba marehemu amehesabiwa miongoni mwa miungu.

Alikumbukwa baada ya hapo?

Alikumbukwa. Huko Dura-Europos, ngome ya Kirumi kando ya mto Frati mashariki mwa Syria, wachimbuaji walipata kalenda ya kikosi cha jeshi iliyoandikwa kwenye mafunjo, ya miaka ya 220. Ni orodha ya sikukuu ambazo askari walipaswa kuzitunza mwaka mzima. Kwenye 1 Agosti imeandikwa kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Pertinax, na sadaka anayostahili: ng'ombe dume mmoja. Zaidi ya miaka 30 baada ya Tausius kumchoma, ni askari waliokuwa wakimchinjia.